Fundi Asiyefumua

Sikumpenda Fundi, na nalisema mapema ili msomaji asikae akingoja nimpambe. Watu wa mtaa wetu wa zamani kule Rumonge wakimkumbuka siku hizi hulainisha sauti, wanasema alikuwa mama wa wote. Kwao labda. Mimi niliishi naye ua kwa ua miaka kumi, tangu nilipoletwa pale bibi-arusi mwaka wa uhuru hadi mwaka wa sabini na mbili, na kati yetu palikuwa na ukuta wa matete tu. Kupitia matete hayo nilimsikia akikohoa, akisali, akiwatukana kuku wake, na akinisema mimi.

Alikuwa mwanamke mfupi wa mabega mapana, mjane, Mwislamu wa kuamka alfajiri bila kukosa. Alizaliwa wapi na kwa nani sikuuliza. Hatukuwa na urafiki wa kuulizana. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kufunga ukungu. Sindano zake alizichomeka kwenye kitambaa alichofunga kichwani, tatu au nne, na nyuzi zikining'inia, kwa hiyo mtu aliyemkumbatia kwa salamu alichomwa shavuni. Nadhani lilimfaa hilo, maana hakupenda kukumbatiwa.

Kazi yake ilikuwa mablanketi ya vipande. Juu aliunga vipande vya vitenge, kanga na mashati yaliyochoka. Katikati alitandaza pamba. Chini aliweka shuka la amerikani. Kisha akapitisha sindano kutoka juu hadi chini, mstari kwa mstari, mpaka vyote vitatu vikawa kitu kimoja kizito. Sisi wa ziwani tuna joto letu, hatuna haja kubwa na vitu hivyo, isipokuwa miezi ile ya kiangazi upepo wa ziwa unapouma. Wateja wake hasa walishuka kutoka milimani, kule ukungu unakoingia mpaka jikoni. Walikuja na maharage na baiskeli, wakaondoka na blanketi limefungwa nyuma.

Na karibu kila blanketi lilikuwa na kosa. Hili watu wa kulainisha sauti hawalisemi. Pembe moja ilizidi nyenzake, au mstari ulioanza vizuri ulipinda katikati na kukimbilia ukingoni, au kipande cha maua kilikaa kichwa chini miguu juu. Fundi mwingine akiona hivyo hufumua akashona upya. Yeye hakufumua mshono wake hata mmoja, kwa mtu yeyote. Mteja akilalamika, alilichukua lile blanketi, akalitazama kwa makini utadhani limeletwa na mgeni, halafu akalirudisha mikononi mwa mwenyewe.

"Njo vile nilitaka," akasema.

Yaani ndivyo nilivyotaka. Maneno hayo matatu nimeyasikia mara nyingi kuliko nilivyosikia jina langu, na kila mara yalinipandisha damu. Mtu hakosei miaka kumi mfululizo kwa kutaka. Mimi nilitaka jambo dogo tu, kumsikia siku moja akisema, "Hapa nilikosea." Nililitaka hilo kwa makosa madogo kwanza, kisha nikaja kulitaka kwa kosa moja kubwa, na ndilo lililonifanya niandike habari zake hata nisipompenda.

Kulikuwa na bwana mmoja wa milimani aliyeagiza blanketi kwa ajili ya baba yake mgonjwa. Fundi alikuwa na haraka, akanunua pamba moja kwa moja kwa wakulima, haijatolewa mbegu, akaijaza hivyo hivyo. Yule bwana alinyeshewa njiani. Alipofika akalikunja blanketi bichi, akaliweka pembeni ya nyumba, na baada ya siku kadhaa alipolikunjua likawa limeota. Alishuka nalo tena kwa baiskeli mpaka sokoni Rumonge, majani mawili mawili yakichungulia kwenye mishono, na watu wakamfuata nyuma mpaka uani kwa Fundi. Mimi nilikuwa kwenye matete yangu.

"Fundi, blanketi yako imeota," akasema.

"Uliimwagia maji?"

"Ilinyesha mvua."

"Basi ilimwagiwa. Kitu ya mbegu ikipata maji inaota. Mimi niko fundi, siko mvua."

Watu wakacheka, na yule bwana, badala ya kukasirika, akacheka pia. Fundi akaing'oa ile miche mmoja mmoja kwa ncha ya mkasi, akaipanda nyuma ya nyumba yake, na miwili ilikua ikamzalia pamba miaka mingi. Bwana alipewa blanketi jingine, ambalo lilikuwa fupi. Mtu mzima yule alipanda mlima na blanketi la kufika magotini, akashukuru. Sijui Fundi alikuwa anawafanyia nini watu.

Mume wangu alikuwa mmoja wa hao waliomcheka na kumpenda. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana mrefu wa kutoka mlimani, na mwaka wa uhuru ndio kwanza alikuwa ameanza kazi. Wazee wa komine, yaani tarafa yetu, walitaka kitambaa kikubwa cha kuning'inizwa mbele ya jukwaa, chekundu, cheupe na kijani, na ngoma katikati na mtama ukichipuka juu yake, kama ilivyokuwa bendera yetu ya kwanza. Wakampa Fundi kazi. Kumbe Fundi alikuwa tayari. Miezi mingi kabla hata siku haijatangazwa alikuwa amekusanya vifurushi viwili, kimoja cha rangi za uhuru, kingine cha rangi za Mbelgiji, ikiwa Mbelgiji angebadili mawazo. Mzee mmoja alikiona kile cha pili akataka kumchapa. Fundi akamwambia vitambaa havina chama.

Siku yenyewe kitambaa kikafunguliwa mbele ya umati. Rangi zilikuwa safi. Lakini ile ngoma ilikuwa nyembamba chini na pana juu, na mtama ulikuwa bua nene lililosimama wima ndani yake, na hakuna mama aliyekuwapo pale ambaye hakuona kinu na mchi.

"Tunafurahia uhuru ao tunatwanga sombe?" akauliza mwanamke mmoja nyuma yangu, na sombe ni kisamvu.

Mume wangu alikuwa mbele na wanafunzi wake, anawaimbisha, na nilimwona anauma mdomo mpaka machozi yanamtoka. Mzee wa komine akamwendea Fundi.

"Hii iko ngoma?"

"Iko ngoma."

"Mbona naona kinu?"

"Njo vile nilitaka. Uhuru bila chakula, tutaipeleka wapi?"

Mzee akarudi jukwaani. Mume wangu alilisimulia hilo kila mgeni alipokuja kwetu, akiigiza sauti ya Fundi na jicho lake, nami nikipakua chakula nimenuna.

Sasa matayarisho yake. Kama makosa yake yalinichosha, matayarisho yake yaliniumiza. Fundi hakungoja kuagizwa. Alitazama mtaa, akaamua nani atahitaji nini, akakata vipande mapema na kuvifunga kifurushi kwa utepe wa kitambaa. Kwenye utepe alipiga mafundo, fundo moja kwa kila mtu atakayelala chini ya blanketi hilo. Vifurushi vilining'inia kwenye boriti za nyumba yake, mbali na panya na mbali na harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, walioanikwa kote mtaani. Ukiingia kwake ulikuta maisha ya majirani yananing'inia juu ya kichwa chako: fulani ataoa, fulani atazaa pacha, fulani mwanawe atarudi kutoka Kongo. Mara nyingine alipatia. Mara nyingine kifurushi kilibaki pale mpaka utepe ukaoza.

Wiki yangu ya pili mtaani alinijia na mkasi, akaomba kipande cha kitenge nilichofika nacho. Nikampa, nikidhani ndiyo heshima ya wenyeji. Baada ya siku chache nikaona kwenye kamba yake, upande wa barabara, kiblanketi cha mtoto mchanga, na kitenge changu kipo katikati.

"Iko ya nani hii?" wanawake wakamuuliza wakipita na ndoo.

"Ya mutoto wa mwalimu."

"Mutoto gani?"

"Atakuya."

Hakuja. Hakuja mwaka huo wala uliofuata. Fundi alikianika kiblanketi kile kila jua lilipokuwa kali, ili kisipate ukungu, na kila alipokianika mtaa mzima ulijua kwamba mke wa mwalimu bado. Miaka minne mizima. Na miaka yote minne hakuniita kwa jina, kila akinisalimia aliniita bibi-arusi. "Amahoro, bibi-arusi." Bibi-arusi wa miaka minne ni mwanamke gani? Nilimwomba mume wangu akamwambie akifiche. Akaenda, akakaa naye saa nzima, akarudi anacheka.

"Anasema akikificha mtoto hatajua mahali pa kuja," akaniambia.

Nililia jikoni kwa hasira, na moshi ukanifichia.

Mtoto alipokuja, mwaka wa tano, Fundi alikuwa wa kwanza mlangoni. Kiblanketi kilikuwa kimepauka upande mmoja, ule uliotazama jua, na kilikuwa na upande mmoja uliozidi mwingine kwa shibiri. Nilimwambia kimepauka. Akanitazama kwa jicho lake zima.

"Kilikungojea," akasema. "Weye njo ulichelewa."

Kuanzia siku hiyo aliniita Mama Jenerosa, kwa jina la mtoto. Mtoto alikipenda kiblanketi kile, hakulala bila kukishika pembe iliyozidi. Hilo nalo lilinikera.

Nisiwe mwongo lakini. Nikiacha hapa nitakuwa nimekata kipande kimoja tu cha mtu. Fundi alikuwa bahili wa kutisha. Ukiazima sindano yake alikufuata kwa macho mpaka uirudishe, na nyuzi fupi alizounga kwa fundo badala ya kuzitupa. Lakini ndani ya sanduku lake aliweka sanda yake mwenyewe, amerikani nyeupe isiyoguswa, aliyoinunua kwa ajili ya kufa kwake, na sanda hiyo niliona akiitoa mara tatu. Mara ya kwanza kwa mvuvi aliyezama akapatikana ufukweni Minago, hana ndugu. Mara ya pili kwa mama aliyefariki akijifungua. Mara ya tatu kwa mzee aliyekuwa adui yake. Kila mara alitoa huku akimtukana maiti, kwamba mpumbavu huyu amekufa bila kujitayarisha na sasa yeye ndiye atakwenda ahera uchi. Kisha akaanza kutafuta nyingine.

Na kulikuwa na kazi moja ambayo alifumua. Kola. Shati la mwalimu huchakaa shingoni kwanza, kwa jasho na chaki. Fundi aliifumua kola, akaigeuza, upande uliokuwa ndani ukatoka nje, mzima na wenye rangi yake, na ule uliochakaa ukafichwa chini. Akaishona tena, na shati likarudi ujana mwaka mwingine. Mishono ya watu wengine aliweza kuifumua. Mume wangu alikuwa na mashati mawili ya kazi, ya bluu yote mawili, na alipeleka moja kwa Fundi wakati anavaa jingine. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka wa sabini na mbili, mvua zikiwa bado hazijaisha.

Mwaka huo sitausimulia wote. Kwanza walikuja watu wenye mapanga, wakaua, na hatukutoka nje. Kisha walikuja askari na orodha, na hao walikaa zaidi. Sisi tunauita ikiza, yaani balaa, na hapo tunanyamaza. Walimu waliitwa komine, wakaambiwa ni mkutano. Mume wangu alivaa shati la pili, lile lililochakaa zaidi, akalalamika kwamba Fundi hajamalizia lile zuri na atakaa kwenye mkutano na kola ya nyuzi. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, habari ya kola. Mchana tukasikia kamyo, lori lililowabeba, inapanda barabara ya mlimani.

Watu walisema mengi. Walisema wamepelekwa Bururi kuulizwa maswali, walisema watarudi wakishaandikwa. Mimi nilichagua kuamini hayo. Nilipika chakula chake kila siku, nikakifunika. Siku ya tatu nikawaza kwamba akirudi atakuta hana shati la kubadilisha, nikapita ua kwenda kulidai.

Fundi alikuwa ameketi kwenye mkeka, makasi mkononi, na mbele yake vipande. Nilivitambua kimoja kimoja. Kaki ile ilikuwa ya fundi baiskeli. Mistari ile ilikuwa ya mkuu wa shule. Zilikuwa nguo za wanaume waliompa kazi kabla ya kamyo, wote wa kwenye orodha. Na karibu na goti lake niliona bluu, imekatwa miraba, imepangwa vizuri.

"Shati ya mwalimu iko wapi?" nikauliza, ingawa nilikuwa nikiiona.

"Nimeikata, Mama Jenerosa."

"Mwenyewe hajafa."

Aliweka makasi chini.

"Hawarudi," akasema. "Chukua mutoto uvuke. Mitumbwi ingali iko."

Nikampiga kofi. Mwanamke wa umri wa mama yangu, nikampiga usoni kwa nguvu zangu zote, na sindano moja ikaruka kutoka kichwani mwake ikaangukia kwenye vile vipande. Nilimwambia kwamba yeye ndiye amemuua, amemuua kwa makasi, kwamba siku zote amekuwa akikata mambo ya watu kabla hayajafika, na kwamba aseme sasa hivi kuwa amekosea. Nilitaka alitamke. Ilikuwa kama akilitamka mume wangu atakuwa hai.

Fundi alishika shavu lake. Nilingoja aseme njo vile nilitaka, nimpige tena. Hakusema hilo, aliokota sindano yake kwenye vile vipande.

Siku mbili baadaye nilivuka mpaka kwa njia ya ziwa. Alfajiri, mimi na mtoto na kiblanketi chake kilichopauka, kwenye mtumbwi uliojaa watu kuliko ulivyostahili. Sikumuaga. Kwa nini nilivuka nilipokuwa nikimngoja mume wangu? Kwa sababu nilirudi nyumbani siku ile nikafunua kile chakula, na baada ya kuiona bluu ile imekatwa sikuweza tena kukiona kama chakula cha mtu anayekuja. Watu waliniambia baadaye, ng'ambo, kwamba makasi ya Fundi yaliniokoa, maana waliobaki mtaani kwetu walirudiwa na askari. Huenda. Simshukuru. Mtu anayekuokoa kwa kukuulia tumaini mkononi, kuna shukrani ya namna gani ya kumpa?

Tulikaa upande wa Kigoma miaka mitano. Huko nilikuwa na kawaida ambayo sikumwambia mtu. Wakisema mjane, sikuitika. Kwenye karatasi za kuandikishwa nilisema mume wangu yuko safarini, na karani akanitazama akaandika.

Niliporudi Rumonge, Jenerosa akiwa na miaka kumi, nilikuta nyumba yetu ina watu wengine, na mama mmoja anachambua mchele pale nilipokuwa nikipika. Hakujua mimi ni nani. Nilimsalimia nikapita. Ukuta wa matete ulikuwa umeanguka na hakuna aliyeusimamisha. Kwa Fundi mlango ulikuwa wazi.

Alikuwa amezeeka vibaya. Ukungu ulikuwa umefunga macho yote mawili, na sindano kichwani ilikuwa moja. Kwenye boriti hapakuwa na kifurushi hata kimoja, na hilo lilinishtua kuliko macho yake. Sikuwa nimemwambia jina. Nilisema amahoro tu.

"Amahoro, bibi-arusi," akajibu.

Baada ya yote hayo, bibi-arusi. Nilitaka kugeuka niondoke. Mwanangu akanishika mkono, akaniuliza huyu bibi ni nani, na nikamwambia ni jirani. Fundi akamwita, akampapasa kichwa, mabega, akamuuliza kama kiblanketi kingali kiko. Mtoto akasema kiko, ila ni kidogo sasa.

Kisha akainuka kwa kuushika ukuta, akalishusha blanketi kutoka juu ya sanduku na kulitandaza mkekani. Niliona kaki. Niliona mistari ya mkuu wa shule. Nguo zote za siku ile zilikuwapo, zimeungwa, na kila kipande kilikuwa na mshono wa mkono tofauti, mwingine mzuri, mwingine wa mtu asiyewahi kushika sindano. Hakuna hata mmoja uliokuwa wa Fundi.

"Walishona wenyewe," akasema. "Mama zao, bibi zao. Moja moja, mutu akikuya." Bibi kwake alimaanisha mke.

Katikati palikuwa na tundu. Mraba mtupu, wa kupitisha mkono, kingo zake zimekunjwa na kupigwa bandi ili zisichanike. Blanketi zito namna ile, miaka mitano, haliwezi kumfunika mtu kwa sababu ya tundu moja.

"Mbona hukuijaza?"

"Ulinipiga," akasema. "Nikajua huyu hajakubali. Mutu ambaye bibi yake angali anamungoja, mimi simushone."

"Ulimkata lakini."

"Nilimukata."

"Ulikosea, Fundi?"

Niliuliza kwa sauti ya chini, hata hasira sikuwa nayo ya kutosha. Aligeuza uso upande wangu. Mdomo ulifunguka, na nilijua ni maneno gani yanakuja, nimeyajua miaka kumi. Hayakuja. Alitia mkono chini ya sanduku akatoa utepe wenye fundo moja, na ndani yake miraba ya bluu, yote, hakuna iliyotumika. Akachomoa sindano ile moja kichwani akaninyooshea, na subana, kile kikofia cha chuma cha kidoleni.

Sikumsamehe. Naliandika hilo pia mapema kuliko mwisho, ili lisije likasahaulika. Lakini nilikaa chini. Jenerosa alinitungia uzi. Nilichagua mraba mmoja. Upande wa nje ulikuwa umepauka kwa jua na kufuliwa, karibu mweupe. Nikaugeuza. Upande wa ndani ulikuwa bado bluu ile ile aliyokuja nayo mume wangu siku aliyolinunua shati, akaniita mlangoni nimtazame, na nilimwambia limemkaa vizuri. Niliweka upande huo juu, nikaanza kushona kwenye tundu. Nilishona upande mmoja, nikakunja pembe, nikashona wa pili. Mwanangu alikuwa anatazama, na nilimwambia, bila kuinua macho, kwamba baba yake amekufa. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema. Akasema anajua.

Nilipomaliza upande wa tatu Fundi alinyoosha vidole akapapasa. Alipitisha kidole kwenye ukingo, akarudi, akapitisha tena, akakunja uso.

"Umeigeuza," akasema. "Hii iko upande wa ndani. Fumua."

"Njo vile nilitaka," nikamwambia.

Alishika ncha ya blanketi ili lisitelezee upande wake, nami nikashona upande wa nne.